Kabureta Moja, Magari Mawili: Kutoka Nakuru hadi Kibuli

Sababu ya safari yangu ilikuwa kabureta.

Gari langu ni la kabla ya Vita Vikuu vya Pili, jeusi, lenye mgongo wa mviringo, na Nakuru nzima wanaliita Kobe. Nililirithi kutoka kwa marehemu baba, ambaye wakati wa vita alikuwa dereva wa jeshi la mkoloni huko Burma. Mwenzake wa kikosi kimoja, Mzee Rajabu, Mnubi wa Kibuli mjini Kampala, alinunua pacha wa gari hilo: kiwanda kile kile, mwaka ule ule, ila lake ni la kijani, na honi yake ya kubinya kwa mkono hulia kama ndege aliyekanyagwa mkia. Ndiyo maana linaitwa Kasuku. Zamani wazee hao walikutana kila Desemba, mwaka huu Nakuru, mwaka ujao Kampala, pamoja na wapenzi wengine wa magari ya kale. Waliyapanga mstari mmoja, wakafungua maboneti, wakabishana mpaka chakula kikapoa.

Kisha wanajeshi wakatwaa serikali ya Uganda, na mikutano ikakoma. Habari zilitufikia kipande kipande. Gari la mwenzetu mmoja lilichukuliwa barabarani na mwanajeshi aliyependa rangi yake. Mwezi haukwisha, injini ikaungua kwa kukosa oili, likaachwa mtaroni. La mwingine liliishia kwa wafua sufuria. Wahindi waliofukuzwa waliacha magari mazuri ajabu, na hakuna aliyeweza kutuambia yalikokwenda. Vipuri havikupatikana, petroli ilikuwa bahati, na gari la kung'aa lilimvuta mtu mwenye bunduki kama sukari inavyomvuta nzi.

Jumatatu moja, mpishi wa gari moshi, mtu wa Kampala anayenifahamu, alipita shuleni ninapofundisha akaniita dirishani. "Mwalimu Njeri, Mzee Rajabu anakusalimu. Anasema Rehema anaolewa Jumamosi. Kasuku hana kabureta. Uje."

Rehema ni binti yake wa mwisho. Dada zake wote walitoka nyumbani kwa baba yao ndani ya Kasuku, siku za amani, na Mzee Rajabu alikuwa ameapa mbele ya mkewe kwamba huyu naye hatatoka kwa miguu wala kwa gari la kuazima. Isitoshe, Kasuku hakuwa amewashwa kwa miaka mitatu. Asipowaka safari hii, nilijiambia, hatawaka tena.

Na kabureta ya aina ile, kwa kadiri nilivyojua, ilikuwa imebaki mahali pamoja tu: ndani ya Kobe.

Nakuru, Jumatano jioni. Baada ya masomo nilifungua boneti, nikaitoa kabureta, nikaifunga kwa kanga kuukuu. Kaka yangu Njoroge alisimama pembeni amekunja mikono.

"Unamtoa mzima moyo umpe maiti," alisema. "Na wakikunyang'anya mpakani?"

"Basi tutakuwa na magari mawili ya kufugia kuku."

"Kuku wenyewe utawanunua wewe."

Nilicheka, lakini nilipopanda behewa la daraja la pili na kuweka kikapu mapajani, sikukiachia mpaka asubuhi. Ndani, juu ya kabureta, nilikuwa nimepanga sukari, chumvi na miche ya sabuni, kwa kuwa tulisikia vitu hivyo vimekuwa adimu kule.

Tororo, Alhamisi asubuhi. Ofisa wa forodha aliingia behewani na kipande cha chaki mkononi. Alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi vizuri, kola imechakaa.

"Nyabo, fungua hii kikapu." Alitoa sukari, akatoa chumvi, akafika kwenye kanga. "Na hii?"

"Kabureta."

"Kabuleta ya gali gani?"

"Ya gari la kabla ya vita."

"Vita gani? Hapa vita iko mingi." Papo hapo akageuka kutazama nyuma yake, kama mtu aliyegundua kwamba amesema kwa sauti. Aliporudi kwangu alikuwa anaitazama kabureta kwa huruma. "Wewe natoka Kenya yote, naletea sisi chuma ya zamani? Chuma ya zamani tunayo mpaka nachoka. Sabuni ndiyo hakuna."

Nilimpa mche mmoja. Akanishukuru kwa Kiganda, "Webale nyabo," akachora alama ya chaki kwenye kikapu, akaenda behewa linalofuata. Nilirudisha sukari na chumvi juu ya kanga, nikakikumbatia kikapu.

Jinja, mchana. Tulivuka Nile polepole. Maji yalikuwa ya kijani iliyokolea, na upande wa bwawa yakipanda povu jeupe. Kila abiria alisimama kutazama, hata wale ambao bila shaka walivuka kila mwezi. Wanajeshi wawili walipopita katikati ya behewa, tulikaa wote kwa pamoja kama darasa linalomsikia mwalimu mkuu mlangoni. Walipotoka, mama mmoja aliendelea na hadithi yake pale pale alipoiachia.

Kampala, alasiri. Mzee Rajabu alikuwa amesimama stesheni kwa kanzu nyeupe na kofia iliyofumwa, mgongo umenyooka kama yuko gwarideni. Hakuuliza habari za safari. Alinyoosha kidole kwenye kikapu.

"Ipo?"

"Ipo, baba."

"Alhamdulillahi. Sasa hujambo, mwanangu?"

Tulitembea kwa miguu kuelekea Kibuli, msikiti mkubwa ukituongoza kutoka juu ya kilima. Maduka mengi ya njiani yalikuwa wazi lakini rafu zake zimepangwa chupa tupu. Nyumba ya Mzee Rajabu iko mteremkoni, ya bati na ua wa nyuma. Mkewe, Bi Zamzam, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, alituondolea komeo la mlango wa jikoni, chuma kilichopinda na kuzungushiwa gunia, akanikumbatia mpaka kikapu kikabanwa.

"Taratibu, Mama Rehema! Utaivunja!" mumewe alipiga kelele.

"Nimkumbatie mgeni au nikumbatie chuma?"

Uani nilimwona Kasuku, na nilisikitika. Alikuwa juu ya mawe manne, bila magurudumu, bila boneti, bila kiti cha nyuma. Mmea wa maboga ulikuwa umepanda mlangoni na kutambaa hadi paani. Kuku mmoja alikuwa amelalia mayai mahali pa dereva.

"Unamwonaje?" Mzee Rajabu aliuliza.

"Amekufa, baba."

Uso wake ukachangamka. "Ndivyo wanavyosema wote! Wamekuja mara tatu hapa kutafuta magari. Wanamtazama, wanacheka, wanaondoka. Maboga hayo nimeyapanda mwenyewe."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya miaka mitatu. Alimfungua Kasuku kipande kipande, na kila kilichotamanisha akakipeleka kwa mtu anayemwamini, kikae kwake kama chombo cha nyumba. Kosa moja tu lilitokea: kabureta aliiweka kwa jamaa aliyehama ghafla, na mpangaji aliyefuata akaiuza kwa wafua sufuria.

"Orodha ya vitu iko wapi?" niliuliza, nikitoa daftari langu.

Wote wawili walinitazama kama nimetukana.

"Orodha ya majina, ndani ya nyumba?" alisema Bi Zamzam. "Wakikuta karatasi yenye majina ya watu, nani atawaeleza kwamba ni ya boneti?" Aliinua kawa kutoka juu ya sinia la wali, ile kawa ya ukindu ambayo wanawake wa Kinubi huisuka kwa rangi kali. "Orodha ndiyo hii."

Kila rangi ilikuwa nyumba au chumba, na kila mzunguko wa rangi hiyo kitu kimoja. Kijani mizunguko minne: magurudumu, chini ya kitanda chao wenyewe. Njano mmoja: kiti cha nyuma, Bugolobi. Nyekundu miwili: Kawempe, boneti na hendeli ya kuwashia. Kawa hiyo ilikuwa imefunika chakula mbele ya kila mgeni aliyeingia nyumba ile, wabaya kwa wema.

Kawempe, Ijumaa asubuhi. Tulikwenda na pikapu ya rafiki yake muuza mkaa. Mwenye nyumba alikuwa Nalongo, mama wa mapacha, mfanyabiashara wa karanga. Boneti ya Kasuku ilikuwa imelazwa uani kwake juu ya matofali, kijani kikiwa kimepauka, na juu yake karanga zimeanikwa.

"Kalibu, kalibu! Haji, umekuja kuchukua meza yangu?" alisema akicheka. "Sasa kalanga yangu italala wapi?"

"Na hendeli, Nalongo?" Mzee Rajabu aliuliza.

"Hendeli gani?"

"Ile ya kuzungusha injini. Ilikuja pamoja na boneti."

Nalongo aliacha kucheka. "Haji, hapa ilikuja kitu moja."

"Vilikuja viwili."

"Kimoja. Mimi si mtoto."

Mzee Rajabu alitazama ua mzima, ukutani, chini ya banda, kwa namna ambayo kila mtu aliielewa. Nalongo alikusanya karanga zake taratibu kwenye beseni, akafuta boneti kwa kitenge chake, akatusaidia kuipakia. Kisha akaweka lile beseni la karanga juu yake.

"Hizi ni za arusi," alisema. "Sikuuza kitu yako."

Pikapu ilituchukua kurudi katikati ya mji. Bila hendeli hatukuwa na gari. Betri ya Kasuku ilikufa siku nyingi, na injini iliyolala miaka mitatu haiamki kwa kusukumwa na wazee wawili. Lakini niliona kwamba Mzee Rajabu alikuwa anawaza jambo jingine. Mpango wake wote ulisimama juu ya watu, na sasa mmoja ameyumba.

"Miaka mitatu," alisema hatimaye. "Njaa ni njaa. Simlaumu." Lakini alikuwa anamlaumu.

Bugolobi, Ijumaa baada ya sala. Kiti cha nyuma cha Kasuku kilikuwa ghorofa ya pili, sebuleni kwa Mama Akello, mke wa askari polisi kutoka kaskazini. Alikuwa amekitandikia vitambaa vya kufuma na kukifanya kochi.

"Hapana!" alisema kabla hatujafungua mdomo. "Hii kiti nakaa hapa mwaka tatu. Afande mzima wa jeshi alikaa hapa, akakunywa chai, akasema, Mama Akello, kiti yako mzuri sana! Sasa wageni yangu itakaa wapi, kwa mukeka?"

"Ni siku moja tu, mama," nilimwambia. "Bibi harusi atakikalia."

"Bwana yake nakaa wapi?"

"Hapa hapa Bugolobi. Majumba ya nyuma," Mzee Rajabu alijibu.

Alifikiri. "Basi mutapita hapa chini. Na mutapiga honi. Hii watu ya ghorofa naniambia mimi natunza takataka. Nataka waone." Alitoa vitambaa kimoja kimoja akavikunja. "Musipopiga honi, nakuja kuchukua kiti na bibi harusi juu yake."

Kibuli, Ijumaa jioni. Nilifunga kabureta mahali pake. Ilikaa kama imezaliwa pale. Wanaume wa jirani walitia magurudumu. Mawili hayakuwa na mpira wa ndani, tukayashindilia majani makavu mpaka yakawa magumu kama mawe. Kilichobaki ni hendeli.

Bi Zamzam alikaa na kawa mapajani, akiizungusha. "Nyekundu miwili," alirudia. "Huu wa kwanza ni wa boneti. Na huu..." Alikwaruza mzunguko wa pili kwa ukucha. "Baba Rehema. Mwaka ule rangi ya zambarau iliisha sokoni, unakumbuka? Niliulizia mpaka Nakasero. Nikasema nitumie nyekundu kwanza, nitabadilisha ikipatikana."

"Zambarau ilikuwa nyumba ya nani?" niliuliza.

"Yetu. Jikoni kwangu."

Nilitazama mlango wa jikoni. Lile komeo la chuma kilichopinda, lenye gunia, nilikuwa nimelifunga na kulifungua mwenyewe tangu jana. Nililichomoa, nikavua gunia, na ndani yake ilikuwa hendeli ya Kasuku, nyeusi kwa masizi, pacha kamili wa ile iliyolala chini ya kiti cha Kobe.

Watu walipiga kelele za furaha. Mzee Rajabu hakupiga. Alivaa kofia yake.

"Unakwenda wapi sasa?" mkewe alimuuliza.

"Kawempe. Jua halijatua."

Alirudi na Nalongo mwenyewe, ameketi mbele ya pikapu ya mkaa kama mke wa mkuu wa wilaya. "Ameniomba msamaha mbele ya majirani yangu yote," Nalongo alituambia. "Nikamwambia, Haji, msamaha nimepokea, lakini mimi nataka kukaa kwa gali."

Kibuli, Jumamosi asubuhi. Waalikwa walianza kufika, na kila mmoja alikuwa na chupa ya soda iliyozibwa kwa kitambaa. Badala ya zawadi, Bi Zamzam alikuwa ameomba petroli. Kulikuwa na chupa kamili, nusu chupa, na bibi mmoja aliyeleta kiasi cha kikombe cha kahawa, akataka tumwone akiimimina. Tulichuja yote kwa kitambaa cha kanzu.

Mzee Rajabu alizungusha hendeli. Hakuna kitu. Akazungusha tena. Kasuku akakohoa moshi mweusi. Mara ya tatu akakohoa, akapiga chafya, kisha akaanza kunguruma, mwili mzima ukitikisika, na majani ya mwisho ya maboga yakadondoka kutoka paani. Vigelegele vilisikika, naamini, mpaka msikitini. Mzee Rajabu aliinamisha uso kwenye boneti, na hatukumsumbua.

Baada ya nikaha tuliondoka kuelekea Bugolobi. Yeye akiendesha, mimi kando yake na spana, Rehema na Nalongo nyuma, shela imejaa kiti chote. Watu waliokuwa kwenye foleni ya sukari walituacha tupite wakipiga makofi, bila kupoteza nafasi zao.

Karibu na reli, wanajeshi walikuwa wameweka kizuizi: mapipa, na kifusi cha mchanga upande mmoja. Mmoja wao, kijana mwenye miwani ya jua, aliinua mkono. Alizunguka Kasuku mara mbili. Nilijua mzunguko ule. Ndivyo mtu anavyozunguka kitu ambacho ameshaamua ni chake.

"Mzee, hii gari mzuri. Toka."

"Afande, nampeleka bibi harusi."

"Nimesema toka. Mimi naijaribu kidogo."

Mzee Rajabu alitoka. Injini aliiacha inanguruma, kwa kuwa angeizima isingewaka tena. Kijana aliingia, bunduki kati ya miguu. Alikanyaga klachi, akatia gia kwa kishindo, tukasogea. Rehema alinishika bega.

Hapa lazima nieleze jambo. Katika magari haya pedali ya mafuta iko katikati, na breki iko kulia. Ndivyo yalivyotengenezwa, na baba yangu alinifundisha hivyo kabla sijafundishwa kitu kingine. Kijana hakuwa na baba wa namna hiyo. Alipotaka kusimama, alikanyaga katikati kwa nguvu zote.

Kasuku aliruka. Kijana alikanyaga zaidi. Tukaingia moja kwa moja kwenye kifusi chao wenyewe, mchanga ukapanda hadi kwenye taa, injini ikazima. Miwani ilikuwa imeangukia mapajani mwangu. Nilimrudishia.

Wanajeshi wenzake walikuja mbio. Mmoja alikuwa amebana midomo ili asicheke, na hilo liliniogopesha kuliko bunduki, maana aliyeaibishwa alikuwa ameketi karibu nami, jasho likimtoka.

"Hii gari iko na shetani!" alisema.

Mzee Rajabu alifika, akasimama wima, akapiga saluti ya zamani, ile ya Burma. "Afande, haina shetani. Ni ya mkoloni. Hata mimi ilinitupa mtaroni siku ya kwanza, mbele ya meja."

Kisha Rehema akasema kutoka ndani ya shela, kwa sauti ya mtu aliyechoka kusubiri, "Kaka, bwana wangu ananingoja. Utanipeleka wewe, au baba?"

Yule aliyebana midomo alishindwa. Alicheka, wa pili akacheka, na mwishowe kijana mwenyewe akavaa miwani yake, akatoka, akapiga gurudumu teke na kuumia, kwa sababu ya majani yetu.

"Peleka takataka yako, mzee," alisema. "Mimi nataka gari ya sasa."

"Ndiyo, afande. Lakini imekwama mchangani."

Na hivyo ndivyo nilivyoona, kwa macho yangu, wanajeshi wanne wa serikali ile wakiweka bunduki kando, wakiinama nyuma ya Kasuku na kumsukuma, huku Nalongo akiwahesabia dirishani: "Moja, mbili, sukuma! Wewe mulefu, sukuma vizuli!" Kasuku alipowaka, yule wa miwani aliruka pembeni kukwepa moshi, na nadhani, ingawa sitaapa, kwamba alitabasamu.

Bugolobi tulipiga honi kutoka jengo la kwanza hadi la mwisho. Mama Akello alikuwa barazani ghorofa ya pili amevaa gomesi jipya, akiwaonyesha majirani zake: "Kiti yangu hiyo! Ile ya nyuma!"

Kibuli, Jumapili. Kabla ya adhuhuri Kasuku alikuwa tena juu ya mawe. Kiti kilirudi na vitambaa vyake, boneti ikarudi na karanga. Hendeli alipewa Rehema, iwe komeo la nyumba yake mpya. Kabureta niliifungua mwenyewe, na Mzee Rajabu akaniwekea kikapuni.

"Ni yako," alisema.

"Ni yao wote wawili, baba. Mimi naitunza tu."

Bi Zamzam alisikia. Aliingia ndani, akatoka na kawa, akakaa mlangoni kusuka. Hakuwa na rangi nyingine ila uzi wa bluu aliouchomoa ukingoni mwa kanga yangu kuukuu. Aliuzungusha mara moja, nje kabisa, baada ya nyekundu. "Nakuru," alisema, akakata uzi kwa meno.

Tororo, Jumatatu. Ofisa yule yule, chaki ile ile. Alipofika kwenye kanga alishtuka. "Nyabo! Unaludi na ile chuma? Haikufanya kazi?"

"Imefanya," nilimwambia. "Imesukumwa hata na jeshi."

Nakuru, Jumanne. Njoroge alikuwa tayari amejenga kibanda cha kuku. Niliirudisha kabureta mahali pake, nikazungusha hendeli, na Kobe akawaka mara ya kwanza. Tangu utoto niliamini kwamba gari la zamani linatunzwa kwa gereji yenye kufuli, oili na kitambaa laini, na Kobe anayo yote hayo. Kasuku hana hata kimoja. Ana Nalongo, ana Mama Akello, ana mlango wa jikoni wa bibi harusi, na tangu Jumapili ana mzunguko mmoja wa bluu. Nilizima injini, nikamwomba kaka yangu aje nimfundishe kuitoa kabureta hii na kuirudisha, ili siku Kampala wakiita na mimi sipo, awepo mtu wa kwenda.

"Pedali ya mafuta ni ipi?" aliuliza akiingia.

"Ya katikati," nilimwambia. "Usisahau."